Maji ya Kwanza ya Altare

Mwende wangu,

Umeenda Nunguni kusukwa nywele, na najua jinsi yule msusi wako anavyopenda kupiga domo, kwa hiyo nina saa tatu au nne za kukaa hapa mezani peke yangu. Sanduku lako liko tayari. Blanketi nimelikunja mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nalia likakaa vibaya. Mambo ya kule Kitui, sijui kula vizuri, sijui kufunga mlango, sijui kuchagua marafiki, hayo baba yako atakuambia kwa simu na shangazi zako watayarudia mpaka uchoke. Mimi sitamaliza karatasi kwa hayo. Nina jambo moja tu. Tangu Jumanne nimekupikia, nimekuitikia, nimecheka na wewe, huku nimelificha.

Najua ni wewe uliyemwambia Mwalimu Mulwa habari ya yale maji.

Baada ya kuandika hayo nimeinuka, nikaenda nje kuwaangalia kuku, ambao hawana shida yoyote. Sasa nimerudi. Nitakuandikia yote kwa mpangilio, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikikuambia kwa mdomo nitapaza sauti, na nikipaza sauti utanyamaza. Mimi na wewe tumeishi hivyo muda mrefu.

Ulikuwa na miaka mitano Sista alipohamishwa kutoka kigango chetu. Ndiye aliyekuwa akitunza vitambaa vya altare. Baada ya Misa yake ya mwisho alinishika mkono, akaniingiza sakristia, akafungua lile kabati dogo. Akanionyesha vile vitambaa vya kufutia kalisi, kile kikombe cha divai ya Misa, na kile cha mraba kinachotandazwa chini yake. Akaniambia hivi haviingii kwenye beseni na nguo nyingine, hata ziwe nguo za padre. Kwanza vinaloweshwa vyenyewe, kwa sababu huenda vimebeba chembe ya Hostia au tone la Damu ya Bwana. Na maji hayo ya kwanza hayamwagwi kwenye mtaro. Yanamwagwa ardhini, mahali safi pasipokanyagwa na mtu. Ukishamaliza hapo ndipo unaleta sabuni, unafua, unaanika, unapiga pasi.

Nilitoka pale nikiwa na ufunguo mkononi na nikahisi nimekuwa mtu. Wacha nikuambie ukweli, nilijivuna. Hakuna aliyenilipa na sikutaka malipo, lakini padre alipokuwa akiinua kalisi, watu wote wakiangalia juu, mimi nilikuwa naangalia mikunjo yangu. Kitambaa kikikaa sawasawa nilienda Komunyo nikiwa na furaha. Kikiwa kimepinda niliharibikiwa na Jumapili nzima. Baba yako alikuwa akinitania kwamba siku nikifika mbinguni nitauliza kwanza nani anafua.

Kisha ukaja ule mwaka ambao mvua za Machi zilinyesha siku nne zikaisha. Kufikia Julai tangi la kanisa lilikuwa limekauka, mpaka mijusi wakahamia ndani. Ningeweza kumwambia padre, "Baba, hakuna maji, tutafute njia." Sikumwambia. Nilibeba vitambaa nikavileta nyumbani, nikasema nitavifua hapa kwa maji yetu. Watu walinisifu sana. Mwenyekiti alinitaja kwenye matangazo kama mfano wa mkristo anayejitolea.

Na maji yetu yalitoka wapi? Yalitoka mtoni, kwenye mashimo ya mchangani, na aliyeyaleta ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Jumamosi ulikuwa unashuka mara mbili, mtungi mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, unapanda ule mteremko ambao mimi mwenyewe nikiupanda mikono mitupu napumzika mara tatu. Safari ya kwanza ilikuwa ya nyumba. Ya pili ilikuwa ya Kanisa. Ulikuwa unafika saa saba wenzako wakiwa wameshamaliza mazoezi ya kucheza nyimbo za Misa, unawasikia wakishuka njiani wanacheka.

Siku moja uliniuliza, "Mwaitu, mama yangu, si leo tuache ile ya kanisa?" Nakumbuka nilichokujibu. Nilikuuliza kama unataka Bwana Yesu afutiwe na kitambaa kichafu. Ulichukua ukanda ukashuka tena.

Sasa yale maji ya kwanza. Pale kanisani Sista alikuwa anayamwaga nyuma ya sakristia, chini ya ule ua wa miiba. Hapa nyumbani nilianza kuyamwaga kando ya ghala la zamani, mahali safi kabisa, hapakanyagwi. Lakini Mwende, kiangazi kile! Kila Jumamosi nilikuwa naona beseni zima la maji linazama kwenye vumbi, na hatua kumi kutoka hapo sukuma wiki zangu nane zinakufa. Nilikuwa nimezizungushia miiba mbuzi wasiingie. Basi nikajiambia, hapa pia ni ardhi, ni safi, na kwa hii miiba hakuna mtu anayekanyaga. Nikaanza kuyamwagia hapo.

Zilinawiri. Watu wote walikuwa wanachemsha majani ya kunde yaliyokauka, mimi nina sukuma wiki za kuuza. Mpishi wa padre alikuwa mteja wangu wa kwanza. Padre mwenyewe alizila na ugali karibu miezi miwili, na sikusikia kwamba ameanza kupaa.

Lakini nilijua si sawa. Usije ukadhani nilikuwa mjinga. Kama ingekuwa sawa, ningeyamwaga mchana watu wakiona. Nilikuwa nangoja njia iwe tupu. Siku Nduku aliponikuta nimeinamisha beseni, nilishtuka kama mtu aliyekutwa kwenye shamba la wengine. Nduku, unamjua, si rafiki wa kanisani tu. Tulichunga mbuzi pamoja tukiwa wasichana, na ndiye aliyekushika siku ya ubatizo wako.

"Mama Mwende," akasema, "hayo si yale maji ya altare?"

"Ni ardhini naweka. Sista alisema ardhini."

"Sista alisema kwa sukuma?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya bwana. Lakini hawa wamama wa jumuiya wakisikia, utatafuta kanisa lingine."

"Basi wasisikie."

"Mimi sina mdomo," akasema, na akavunja majani matatu akaenda nayo.

Kwa hiyo nilipoanza kuhesabu watu waliojua, nilihesabu mmoja. Wewe ulikuwa umesimama pale pale, unafungua ukanda, jasho limekulowesha nguo, na sikukuhesabu. Hata leo nikikumbuka siku hiyo, nakuona vizuri sana, hata rangi ya mtungi naiona. Lakini wakati ule nilikuwa nakuona kama mtu anavyouona mlango wa nyumba yake.

Jumapili ya pili ya Oktoba, baada ya Komunyo, mwenyekiti wa halmashauri ya kigango alisimama kusoma matangazo. Akasema wanamshukuru Mama Mwende kwa huduma ya miaka tisa, na kuanzia siku hiyo vitambaa vitatunzwa na wengine, na ufunguo nimkabidhi katekista, Mwalimu Mulwa. Padre alikuwa anaangalia kitabu chake. Kisha watu wakapiga makofi. Nilipigiwa makofi nikifukuzwa, Mwende. Nilisimama nikainamisha kichwa kama mtu anayepokea zawadi, kwa sababu sikujua la kufanya na mwili wangu.

Hakuna aliyeniuliza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kunyang'anywa ufunguo. Mwenyekiti alikuwa amekunywa chai kwangu siku tatu kabla, akasifu chai. Padre alikuwa amenisalimia mlangoni. Walikuwa wameshakaa, wameshaamua, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusema, "Mama, tumesikia hivi, wewe unasemaje?" Ningesema. Ningekubali, ningepiga magoti nikaungama. Waliona ni upole kuninyamazia, na mimi mpaka leo naona ni dharau.

Siri yenyewe haikukaa. Ilipofika ng'ambo ya mto nilikuwa napikia maji hayo. Ilipofika upande wa pili wa mlima yalikuwa dawa ya kuvuta wateja. Mwanamke mmoja alinirudishia fungu la mboga alilokuwa amenunua, akaliweka mlangoni bila kubisha.

Nilijua ni Nduku. Sikufikiri hata dakika moja. Jumatatu nilimfuata kwenye mashine ya kusaga, na kwa sababu mashine ilikuwa inanguruma ilinibidi nipige kelele, na Mungu akapanga yule kijana wa mashine aizime katikati ya maneno yangu. Kwa hiyo foleni nzima ilisikia. "Ulimi wako ni mrefu kuliko barabara ya kwenda mjini Wote! Nimekupa mtoto wangu umshike ubatizo, na wewe unaniuza!"

Nduku alikuwa ameshika debe lake la mahindi. Aliniangalia, halafu akaangalia nyuma yangu. Wewe ulikuwa umekuja na gunia letu, ukasimama hapo nyuma. Alikuangalia kwa muda, na mimi nikadhani anaona aibu kunitazama machoni.

"Sawa, Mama Mwende," akasema. "Kama umeona ni mimi, basi ni mimi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho kwa miaka saba.

Unajua miaka hiyo ilivyokuwa kwa sababu uliishi ndani yake. Nilibadilisha kiti kanisani. Nilibadilisha njia ya kwenda sokoni. Kila Oktoba jumuiya ilipokuwa inazunguka nyumba hadi nyumba kusali Rozari, siku ya Nduku mimi mgongo ulikuwa unaniuma, na kesho yake umepona. Watu walielewa, wakaacha kuniuliza. Wengine walimtenga kidogo kwa ajili yangu, na mimi niliona na sikuwakataza. Akina mama walikuwa wakinong'ona Nduku akiingia mkutanoni, na siri ikitajwa wanamwangalia yeye. Alibeba jina hilo mbele ya macho yangu na nikaona amestahili.

Halafu mama yake akafa.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Ulikuwa na miaka kumi na saba, umetoka shule kwa likizo. Unajua kwetu mtu anaweza kugombana na mwenzake mpaka kwa chifu, lakini kukiwa na kilio anabeba kuni anaenda. Anapika, anachota, anarudi kwake na ugomvi wake. Mimi sikwenda. Yule mama mzee alinipa maziwa nikiwa mtoto, alinifundisha kusuka kiondo, na siku ya kumzika nilikaa hapa mlangoni napukuchua mbaazi, nikisikiliza nyimbo kutoka ng'ambo.

Ulikuja ukasimama mbele yangu ukiwa na sweta lako la shule.

"Mwaitu, twende tu."

"Kwa nini?"

"Twende tu, mwaitu. Tafadhali."

"Nenda wewe. Mimi siendi kumlilia mama ya msaliti."

Ulifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilinyanyua macho kukungoja. Ukaufunga, ukaenda peke yako, ukarudi jioni macho yamevimba, na mimi nikakusifu moyoni kwamba una moyo wa huruma kunizidi.

Sasa Jumanne. Nilienda sokoni kutafuta mbegu za maharagwe maana mawingu yameanza kusogea. Nikamkuta Mwalimu Mulwa, ameshastaafu ukatekista, macho yamemwisha, lakini sauti yangu aliitambua. Akanishika mkono hataki kuniachia, unavyomjua.

"Nasikia msichana anaenda Kitui kusomea uuguzi. Huyo atafika. Mimi nilimjua tangu darasa la Kipaimara. Siku ile alikuja kuniambia habari ya maji alikuwa anatetemeka hivi! Nikasema, mtoto anaweza kusema ukweli hata kama ni juu ya mama yake, huyo ni mtoto wa kweli."

Nikamuuliza kama ulikuja peke yako.

"Peke yake. Si ulijua?"

"Nilijua," nikasema. Nilimdanganya katekista katikati ya soko, kilo mbili za maharagwe mkononi. Kisha nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu yangu yenyewe, pikipiki zinanipita zinaniita, na siwezi kukuambia nilipita wapi.

Ulikuwa unafua. Uliniuliza, "Mwaitu, umechoka?" Nikasema jua.

Nataka ujue nilivyohisi, sitaficha. Nilihisi kama mtu amenivua nguo. Wewe! Ningeweza kuamini ni mtu yeyote wa kigango kile, ningeamini hata ni baba yako, kabla yako. Nilikumbuka kila jioni ya miaka saba niliyokaa hapa jikoni nikimsema Nduku, na wewe umekaa kwenye kile kigoda unamenya viazi, unasema "mmh." Ulisema "mmh," Mwende. Usiku wa Jumanne sikukuombea. Ni mara ya kwanza tangu uzaliwe.

Jumatano ulipokuwa umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nilienda kwa Nduku. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka aniambie Mwalimu Mulwa amezeeka amechanganya watoto. Nilimkuta nje, anachagua mbegu za mbaazi kwenye ungo. Hakuinuka.

"Ni Mwende alisema," nikamwambia. Hata salamu sikutoa.

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Alikuja hapa siku ile ile ya matangazo. Alikuwa analia mpaka anatapika. Akaniambia amechoka kubeba maji, alifikiria ukitolewa hiyo kazi, Jumamosi atalala. Hakufikiria watakusimamisha mbele ya watu. Akaniomba nisiseme."

"Na mimi nikakutukana mbele ya kijiji kizima, ukanyamaza."

"Ungempiga."

"Ningempiga, ndiyo! Ningempiga halafu yangeisha! Wewe uliniacha nikuchukie miaka saba, Nduku. Nani alikuambia mimi nataka hiyo?"

Hapo ndipo aliweka ungo chini. Sikuwahi kumwona na hasira namna hiyo, hata tukiwa wasichana.

"Mimi niliahidi huyo mtoto mbele ya altare. Wewe ndio ulinipeleka. Nilifikiria wewe utakasirika mwezi moja, miwili, utakuja uniulize. Wewe ni rafiki yangu, si utaniuliza? Hukuja. Wale walikutoa bila kukuuliza, ukalia mpaka leo. Na wewe mimi uliniuliza?"

Akaendelea, sauti imeshuka.

"Hata hiyo nilimeza. Lakini mama yangu. Nilikuwa naangalia kwa geti siku nzima. Watu wanashusha jeneza, mimi naangalia kwa geti. Mama ya Kyalo ambaye hatuongei alikuja. Wewe hukukuja."

Nilimwambia anisamehe. Akachukua ungo wake akaanza tena kuchagua. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu, nikaondoka.

Basi nimekuwa nikizunguka na mambo haya, na nimeyatenganisha mawili.

La maji, nimelimaliza. Nilipomsikia Nduku akisema ulitaka kulala Jumamosi, nilikaa chini kwenye majani njiani kama mlevi. Mimi nilijitolea kwa Kanisa, nikasifiwa kwenye matangazo, na mgongo uliokuwa unauma ni wako. Siku ya Kipaimara chako Askofu alipokupaka mafuta kwenye paji la uso, alipaka juu ya alama ya ule ukanda, na mimi nilikuwa pale mbele nimevaa kitambaa cha akina mama, najisikia mzazi mwema. Uliniambia umechoka kwa njia pekee ambayo ingesikika. Ilikuwa njia mbaya na iliniumiza, lakini niliziba zile nyingine mimi mwenyewe. Hilo nisamehe, na mimi nimekusamehe, na nikiligusa tena kwa ugomvi wowote unikumbushe barua hii. Kule Kitui utakubali kila kazi ya kanisa watakayokupa, nakujua, una mkono mwepesi kama wangu. Kubali tu. Lakini kabla hujasema ndiyo uangalie nani atakayebeba.

La mazishi bado. Najaribu nashindwa. Ulikuwa na miaka kumi na saba, hukuwa mtoto wa kuogopa fimbo. Ulijua Nduku hakufanya kitu. Ulijua ninafanya jambo ambalo halirudishiki, maana mtu anazikwa mara moja. Ulisimama hapo mlangoni, ukafungua mdomo, na ukaamua kwamba ni afadhali mimi nibaki bila rafiki na yeye alie bila mimi, kuliko nikuangalie kwa macho mabaya. Najua uliogopa. Najua pia kwamba kama ningekuwa mama wa kuambiwa mambo, ungesema. Nayajua yote mawili na bado nina uchungu. Sitakudanganya kwamba nimeumaliza ili usafiri ukiwa na raha. Umenidanganya kwa raha yangu miaka saba, na unaona tulipofika.

Nakupenda. Nimeandika hivyo kwa sababu hasira yangu inaweza kukufanya udhani vingine. Ningekuwa sikupendi ningeacha uende, nikusindikize kwa nyimbo, nibaki na hili peke yangu.

Leo asubuhi mtoto wa Nduku alikuja na ujumbe. Amesema upitie kwake kesho kabla hujaondoka, amekufungia unga wa wimbi na asali. Nikamuuliza yule mtoto, "Na mimi?" Akafikiria, akasema, "Alisema Mama Mwende bado."

Kwa hiyo kesho tutatoka mapema, saa kumi na mbili, na tutapita kwa Nduku. Barua hii nitaiweka juu ya blanketi uione ukirudi, na sitaki tuizungumze leo jioni. Kula, ulale. Kesho mimi nitabaki barabarani na sanduku, wewe utaingia ndani. Usimweleze habari ya maji, hiyo anaijua kunizidi. Mweleze siku ya mazishi. Mwambie nilikuuliza kwa nini, na wewe ukanyamaza. Hilo nadhani hujamwambia mtu yeyote, na yeye mpaka leo anafikiri nilikaa nyumbani kwa ubaya wangu peke yake. Ubaya wangu ulikuwepo, usiupunguze. Lakini mwambie na sehemu yako, kwa mdomo wako, ukiwa mtu mzima.

Kaa naye kadiri atakavyotaka. Gari likituacha, lituache, litakuja lingine. Ukitoka usinieleze alichosema. Kama kuna neno langu humo ndani, atanipa mwenyewe, siku atakayotaka kunisalimia.

Mama yako,
ambaye atakuwa nje.